Penye vito hapana mafundi: Kifimbo cha mti na jiwe, na somo lake kwa Taita Taveta

WAHENGA walinena kwamba penye miti hapana wajenzi. Katika Kaunti ya Taita Taveta usemi huo unaweza kuongezewa kipande: penye vito hapana wakataji. Kwa zaidi ya nusu karne, ardhi ya Mwatate, Kasigau, Kuranze na viunga vyake imetoa baadhi ya mawe yanayotamaniwa sana ulimwenguni. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mawe hayo huondoka yakiwa ghafi, yamefungwa katika vikaratasi, kwenda kukatwa na kung'arishwa na mikono ya watu wengine katika miji ya mbali kama vile Jaipur nchini India na Bangkok nchini Thailand.

Bidhaa moja ndogo yatosha kulieleza tatizo hilo, pamoja na njia mojawapo ya kulipunguza. Bidhaa hiyo ni kifimbo cha mti kilichotiwa jiwe la fuwele kwenye ncha. Fuwele ni jiwe ambalo chembe zake zimejipanga kwa utaratibu maalumu, hata likaota pande bapa na ncha kali kana kwamba lilichongwa na fundi.

Katika nchi za Ulaya na Marekani, vifimbo vya aina hii huuzwa katika maduka ya mapambo, ya zawadi na ya wale wanaoamini kwamba mawe yana uwezo wa kutuliza nafsi. Imani hiyo ilienea kwa kasi huko kuanzia miaka ya 1970 na 1980. Kisha vitabu vya Harry Potter, ambavyo cha kwanza kilichapishwa mwaka 1997, vikawaletea mafundi wateja wapya: watoto na vijana wanaotaka kumiliki kifimbo kama cha mchawi wa hadithini.

Kifimbo cha kawaida huwa na urefu wa sentimita 20 hadi 40. Kukitengeneza kwahitaji mambo matatu tu: mti mkavu, jiwe, na mkono uliofunzwa. Taita Taveta haikosi mawili ya kwanza. Ni la tatu linaloamua nani atakayekula jasho la mchimbaji.

Mawe yalikotoka

Miamba ya Taita Taveta ni sehemu ya ukanda mrefu wa miamba ya kale unaoitwa na wanajiolojia Ukanda wa Msumbiji, unaopita Kenya, Tanzania na kuendelea kusini. Miamba hiyo ilibanwa na kupashwa joto kali chini ya ardhi zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakati mabara ya kale yalipogongana. Joto na mgandamizo huo ndio uliozaa vito.

Kito mashuhuri zaidi kati ya hivyo ni tsavoraiti, ambayo ni ganeti ya rangi ya kijani kibichi. Mwanajiolojia Campbell Bridges, mzaliwa wa Scotland, aliigundua kaskazini mwa Tanzania mwaka 1967. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliipata upande wa Kenya, katika eneo la Taita Taveta. Mwaka 1974 kampuni ya Tiffany & Co. ya New York ilianza kuitangaza kwa jina lililotokana na Tsavo. Rangi yake hutokana na madini ya vanadi na kromi. Tofauti na zumaridi, ambayo aghalabu hutiwa mafuta ili kuficha nyufa, tsavoraiti huuzwa jinsi ilivyotoka ardhini, ikiwa imekatwa na kung'arishwa tu.

Mwaka 1973 rubi, yaani yakuti nyekundu, iligunduliwa katika eneo la Mangare. Mgodi maarufu wa huko ungali ukijulikana kwa jina la John Saul, mwanajiolojia wa Marekani aliyehusika na ugunduzi huo. Kando ya vito hivyo viwili kuna ganeti za rangi nyingine na tomalini za kijani. Huko Murka, upande wa Taveta, kayanaiti ilichimbwa kwa ajili ya viwanda katikati ya karne iliyopita.

Utajiri huo haukuja bila maafa. Mnamo Agosti 11, 2009, Bridges aliuawa na kundi la watu waliomvamia karibu na machimbo yake, katika mzozo uliohusu haki ya kuchimba. Mwaka 2014 mahakama jijini Mombasa iliwahukumu watu wanne kifungo kwa mauaji hayo. Wachimbaji wadogo nao wamekuwa wakifukiwa na vifusi katika mashimo yasiyo na nguzo, hasa baada ya mvua.

Chanzo kimoja cha mivutano hiyo ni uhaba wa ardhi iliyo huru kuchimbwa. Mbuga za Tsavo Mashariki na Tsavo Magharibi huchukua takriban asilimia 62 ya eneo la kaunti. Sehemu kubwa ya ardhi inayobakia ni ranchi na mashamba ya mkonge. Watu 340,671 waliohesabiwa katika sensa ya 2019 hugawana kilichosalia.

Hesabu ya mchimbaji

Ili kuelewa kwa nini mchimbaji hubaki maskini, ni sharti kufuata safari ya jiwe. Vito hupimwa kwa karati, na karati moja ni sawa na gramu 0.2. Chukua jiwe ghafi la gramu mbili, yaani karati 10. Mkataji akiondoa sehemu zenye nyufa na madoa, kisha akalipa umbo lenye pande nyingi za kuakisi mwanga, mara nyingi husalia na karati mbili au tatu tu. Zilizobaki huwa vumbi na vipande.

Asiyejua kukata hawezi kujua kilichomo ndani ya jiwe lake. Humwonyesha dalali mjini Voi, na dalali hutaja bei akizingatia hatari kwamba huenda ndani mna ufa. Dalali huliuza kwa mnunuzi mkubwa, naye hulisafirisha nje. Kila anayelipokea huongeza faida yake. Ongezeko kubwa la bei hutokea pale jiwe linapokatwa, na hapo ndipo mtu wa Kasigau au Kamtonga huwa hayupo.

Lakini kuna upande wa hesabu hii usiozungumzwa sana. Sehemu kubwa ya kinachotoka shimoni si kito cha pete hata kidogo. Ni kwatsi, jiwe jeupe au angavu mithili ya kioo, ambalo mchimbaji hulivunja na kulitupa akitafuta kijani. Ni ganeti zilizojaa nyufa. Ni rubi zisizopitisha mwanga. Ni vipande vya kayanaiti vya rangi ya buluu. Haya yote hubaki katika marundo kando ya mashimo.

Mawe ya namna hii hayafai kukatiwa pande nyingi, kwa kuwa mwanga haupenyi ndani yake. Hata hivyo, yanaweza kusagwa yakawa na umbo la kuba, laini kama tone la maji, au kuachwa katika umbo lake la asili na kusafishwa. Hilo ndilo jiwe linalotakiwa kwenye kifimbo, kwenye kichwa cha bakora, kwenye mpini wa kisu cha kufungulia barua au kwenye kifuniko cha kijaluba. Kwa maneno mengine, kazi ya mti na jiwe haishindani na biashara ya tsavoraiti. Inaokota kilichoachwa na biashara hiyo.

Mti upi?

Fimbo si kitu kigeni kwa Wakenya. Mzee Jomo Kenyatta alijulikana kwa mgwisho wake na Daniel arap Moi kwa rungu lake. Wazee wa jamii nyingi hawasimami barazani bila bakora. Uchongaji wa kuuza nao una historia ndefu. Inasimuliwa kwamba Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alijifunza ufundi huo kutoka kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akarudi nao nyumbani na kuwafunza wengine. Chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba cha Changamwe, Mombasa, kilianzishwa mwaka 1963, na mjini Mombasa ndiko watalii wengi walikonunulia vinyago.

Mafanikio hayo yalikuwa na gharama yake. Mpingo, mti mweusi mzito unaozama majini, huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Ulikatwa kwa wingi hata ukaadimika, na wachongaji wakahamia muhuhu, nao ukaanza kupungua. Kuanzia miaka ya 1990, wahifadhi wa mazingira walianza kuwahimiza mafundi watumie miti inayopandwa na kukua haraka: mwarobaini, mjakaranda, mwembe na mgrevilia. Leo sehemu kubwa ya vinyago vya Pwani ni ya mwarobaini.

Kwa fundi wa Voi, ushauri huo bado una maana. Mwarobaini humea vyema katika joto la nyanda za chini. Mukau, mti wa maeneo makavu ambao Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini imekuwa ikiuendeleza, hutoa mbao nzuri za rangi ya hudhurungi. Kwa kuwa kifimbo ni chembamba, si lazima mti uangushwe. Tawi lililopogolewa shambani kwa idhini ya mwenyewe latosha.

Ipo miti isiyopaswa kuguswa. Msandali, ambao mafuta yake hunukia, ulipigwa marufuku kuvunwa nchini mwaka 2007, na tangu mwaka 2013 biashara yake ya kimataifa imedhibitiwa na mkataba wa CITES unaolinda viumbe walio hatarini. Mara kadhaa maafisa wamenasa shehena za msandali zikipitishwa Taita Taveta. Mpingo nao uliingizwa katika udhibiti wa CITES mwezi Januari 2017. Mkataba huo huruhusu bidhaa zilizokamilika zenye mpingo usiozidi kilo 10 kwa shehena moja, lakini hilo halimwondolei fundi wajibu wa kujua mti wake ulikatwa wapi. Kuokota kuni au mawe ndani ya mbuga bila idhini pia ni kosa.

Kwa Wataita kuna kizuizi kingine kilichotangulia sheria za serikali. Misitu midogo ya fighi, iliyotengwa na wazee tangu zamani kuwa kinga ya jamii, haikatwi ovyo. Miti mingi ya asili iliyosalia katika vilima vya Taita imesalia kwa sababu ya heshima hiyo.

Hatua kwa hatua

Kazi huanza kwa subira. Mti mbichi una maji mengi, na unapokauka husinyaa. Ukichongwa ukiwa mbichi, hupasuka baadaye, pengine ukiwa tayari mikononi mwa mteja. Lawama nyingi dhidi ya vinyago vya mwarobaini zilitokana na haraka hiyo. Desturi ya maseremala ni kuuacha mti ukauke kivulini takriban mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Tawi jembamba katika hali ya hewa ya Voi huhitaji muda mfupi zaidi, mradi lisianikwe juani na ncha zake zizibwe kwa nta au rangi ili maji yasitoke kwa kasi upande mmoja.

Baada ya hapo fundi huchagua kipande ambacho nyuzi zake zimenyooka kutoka shina hadi ncha. Kifundo katikati ni mahali pa kuvunjikia. Hukichonga kwa tezo na kisu, au hukikereza kwa mashine iwapo anayo, akiacha upande wa kushika uwe mnene na upande wa jiwe uwe na nyama ya kutosha kutobolewa. Kisha hupitisha tupa, na hatimaye msasa wa namba tatu au nne tofauti, kuanzia mkwaruzo hadi ulaini.

Tundu la jiwe ndilo mtihani wa kazi yote. Mti hupumua: msimu wa mvua huvimba na wakati wa kiangazi hunywea. Jiwe halibadiliki. Tundu likibana sana, mti hupasuka unaponywea. Likilegea sana, jiwe huanguka. Fundi mzoefu hutoboa kwa keekee, akapanua kwa patasi ndogo hadi jiwe liingie bila kusukumwa, na kuacha nafasi nyembamba pande zote. Nafasi hiyo hujazwa gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili inayochanganywa, ambayo hushika jiwe na mti kwa pamoja. Waya wa shaba unaozungushwa shingoni huongeza nguvu na kuficha kiungo.

Jiwe lenyewe hutayarishwa kando. Ugumu wa mawe hupimwa kwa kipimo cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, almasi ikiwa kileleni. Kwatsi ina ugumu wa 7, tsavoraiti na tomalini huwa kati ya 7 na 7.5, na rubi ni 9. Kisu cha chuma hakiwezi kuyakwaruza mawe haya. Husagwa kwa magurudumu yenye unga wa almasi au wa kabonati ya silikoni, kutoka unga mnene hadi unga laini, kisha hung'arishwa kwa kitambaa au ngozi yenye unga laini zaidi. Kayanaiti ina tabia ya pekee: ugumu wake hutofautiana kulingana na upande, ukiwa kiasi cha 4.5 kwa urefu na karibu 7 kwa mkingamo. Asiyelijua hilo hulipasua jiwe siku ya kwanza.

Mwisho, mti hupakwa mafuta ya kitani au nta ya nyuki. Wachongaji wengi nchini hutumia rangi ya viatu, nayo hung'aa vizuri. Lakini rangi hiyo huchujuka mkononi, na mnunuzi aliyechafuka kiganja harudi tena.

Vumbi linaloua

Kuna hatari ambayo kila anayetaka kuanza kazi hii anapaswa kuielewa kabla hajanunua kifaa chochote. Kwatsi ni silika tupu. Ikisagwa kavu, hutoa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, ambalo hufika ndani kabisa mwa mapafu na kubaki humo. Mapafu hujaribu kulizingira vumbi hilo, yakajiwekea makovu, na makovu hayo hayaponi. Ugonjwa huo huitwa silikosisi. Hauna dawa, na humweka mgonjwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata kifua kikuu.

Kinga yake ni rahisi kuliko tiba. Jiwe lisagwe huku likitiririkiwa na maji, ili vumbi ligeuke kuwa tope. Fundi avae barakoa maalumu ya kuzuia vumbi laini, wala asitegemee leso. Tope lizolewe likiwa bichi, kwa sababu likikauka na kufagiwa huwa vumbi tena. Banda liwe na hewa, na watoto wasicheze humo. Vumbi la mpingo na la miti mingine migumu nalo huwasha ngozi na macho. Karakana inayookoa senti kwa kukwepa maji hulipa baadaye kwa pumzi za mafundi wake.

Je, jiwe lina nguvu?

Swali hili haliepukiki, kwa kuwa baadhi ya wanunuzi hununua kifimbo kwa imani kwamba kinaponya. Kwatsi kweli ina sifa ya ajabu. Mwaka 1880 ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, walionyesha kwamba fuwele zake hutoa umeme mdogo zinapobanwa. Saa nyingi za mkononi hutumia kipande cha kwatsi kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde ili kuhesabu wakati. Lakini kipande hicho hutetemeshwa na betri. Jiwe lililotulia kwenye ncha ya kijiti halitoi tiba.

Mwaka 2001 mwanasaikolojia Christopher French wa Chuo Kikuu cha London, kitengo cha Goldsmiths, aliwasilisha matokeo ya jaribio alilofanyia watu 80. Baadhi walipewa fuwele halisi na wengine vipande bandia bila kuambiwa. Waliopewa bandia waliripoti joto, mtekenyo na utulivu sawa na wenzao. Walichohisi kilitokana na walichotarajia.

Hilo halimfanyi mnunuzi kuwa mjinga, kwani watu hununua vitu vingi kwa ajili ya faraja na uzuri. Linampa muuzaji wajibu. Anaweza kusema kweli kwamba jiwe limetoka Taita Taveta, kwamba mti ni mwarobaini, na kwamba kazi imefanywa kwa mkono. Hawezi kusema kwamba linaponya saratani au kufukuza kisukari. Mgonjwa anayeacha dawa kwa sababu ya kijiti hufa kwa uongo wa aliyemuuzia. Aidha, katika nchi yenye Sheria ya Uchawi iliyotungwa mwaka 1925, na ambako wazee wamewahi kuuawa kwa kushukiwa tu, si busara kukitangaza kifimbo kuwa na uwezo wa kuwadhibiti watu wengine.

Vilevile, si haki kukiuza kama kitu cha kale cha jamii ya Wataita, kwa maana sicho. Pwani inajua uchungu wa jambo hili. Vigango, nguzo za mbao ambazo Wamijikenda huzisimika kuwakumbuka wafu wao, viliibwa kwa miaka mingi na kuuzwa ng'ambo kama mapambo. Viwili vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 2007, na vingine 30 kutoka jumba la makumbusho la Denver viliwasili nchini mwaka 2019. Kitu kilichotengenezwa kuuzwa kina heshima yake, na kitu kitakatifu kina yake. Anayevichanganya huwafundisha wanunuzi kutafuta kile kisichopaswa kuuzwa.

Sheria na mgao

Sheria ya Madini ya mwaka 2016, iliyochukua nafasi ya ile ya enzi ya ukoloni ya mwaka 1940, iliwatambua wachimbaji wadogo kwa mara ya kwanza. Kibali cha uchimbaji mdogo hutolewa kwa raia wa Kenya pekee. Anayenunua na kuuza madini anahitaji leseni ya biashara hiyo, na anayesafirisha nje anahitaji kibali. Sheria hiyo pia iligawa mirabaha: asilimia 70 kwa Serikali ya Kitaifa, 20 kwa serikali ya kaunti na 10 kwa jamii inayoishi palipo na machimbo.

Mgao huo hupiganiwa sana majukwaani. Hata hivyo, mrabaha ni asilimia ndogo ya thamani ya jiwe likiwa bado ghafi. Jamii inayongoja asilimia 10 ya kiasi hicho hupata kipande cha kipande. Jamii inayokata jiwe lake yenyewe huwa na kitu kikubwa zaidi cha kugawana, na mshahara wa fundi haupiti Nairobi kwanza.

Serikali ilijenga kituo cha vito mjini Voi kwa lengo hilohilo: wachimbaji wapimiwe mawe yao, wayakate na kuyauza kwa bei inayoeleweka. Jengo lilikaa miaka kadhaa bila kutimiza lililokusudiwa, huku biashara ikiendelea chini ya miti na katika vyumba vya madalali. Katika Chuo Kikuu cha Taita Taveta, uhandisi wa madini hufundishwa kwa ushirikiano na vyuo vya Ujerumani. Ng'ambo ya mpaka, Kituo cha Jemolojia Tanzania kilichoko Arusha hufunza vijana kukata vito na kuchonga mawe. Mashine za kujifunzia za kusaga mawe hazihitaji jumba kubwa. Zinahitaji umeme, maji, mwalimu na mtu wa kuzitengeneza zinapoharibika.

Hapo ndipo bidhaa ndogo kama kifimbo inapopata maana. Hakuna mwanagenzi anayekabidhiwa tsavoraiti ya karati tano siku ya kwanza, kwani kosa moja huharibu kipato cha mwaka mzima. Kipande cha kwatsi kilichookotwa kwenye rundo hakina hasara. Akikiharibu, huokota kingine. Akikiweza, hukitia kwenye mti na kukiuza kwa wasafiri wanaopita Voi kwa barabara ya Mombasa, kwa reli ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, au kwa magari ya watalii yanayoelekea Tsavo. Huku akijipatia riziki ya siku, mkono wake unajifunza ugumu wa jiwe, mkondo wa ufa na subira ya gurudumu. Miaka michache baadaye mkono huohuo unaweza kuaminiwa na kijani.

Haitarajiwi kwamba kila mchimbaji atakuwa mkataji, wala kwamba vijiti vitaondoa umaskini wa kaunti nzima. Soko la vitu vya urembo hupanda na kushuka kwa kufuata mitindo ya nchi za mbali, na fundi anayetegemea bidhaa moja atajuta mtindo ukibadilika. Lakini ujuzi wa kusaga jiwe, kukausha mti na kuunganisha viwili hivyo bila kupasuka haubadiliki na mitindo. Hutumika kwenye pete, bakora, vijaluba na vinyago. Kipimo cha kituo cha Voi, na cha ahadi zote zinazotolewa kuhusu vito vya Taita Taveta, hakitakuwa ukubwa wa jengo wala idadi ya hotuba, bali idadi ya mawe yaliyoondoka kaunti hiyo yakiwa yamekwisha kupita mikononi mwa wenyeji.